Saileji ya mifuko na ng'ombe wanaolegea mpaka kufa: ni botulizimu au tunaisingizia?

#1 Nyasi_Ndefu
Wakuu habari za jioni. Huku Njombe kuna mfugaji jirani kapoteza ng'ombe wa maziwa wanne na kijiji kimeshagawanyika, kuna wanaosema karogwa, kuna wanaosema majani yalipigwa dawa, mimi nina yangu naiweka hapa mnipinge kwa hoja. Walianza kudondosha mate. Wakaonekana wameacha kula lakini siyo kwamba hawataki, ukiwawekea majani wanayafuata, wanaingiza mdomoni, wanatafuna kidogo halafu yanabaki hapo hapo hayashuki. Baadaye miguu ya nyuma ikalegea, wakalala kwa kifua, kichwa kinageukia ubavuni, ulimi ukiuvuta unatoka na haurudi ndani. Homa hakuna, kipimajoto kinasoma kawaida. Macho mazima, anakuangalia na anakutambua. Mwisho pumzi ikakata.
Hawa ng'ombe walikuwa ndo wameanza kula saileji mpya (majani yaliyokatwakatwa na kufungiwa bila hewa yachache), imefungwa kwenye mifuko ya nailoni. Mbuzi wa boma hilo hilo hawakupewa na hawana shida yoyote. Mimi nasema ni botulizimu, ile sumu ya bakteria inayolegeza misuli, na imetoka kwenye mifuko. Na kama ni kweli basi hii teknolojia tunayohubiriwa kila semina ina sehemu ambayo hatufundishwi.

#2 KataMajani
Wacha kuharibia saileji jina boss. Niko Ol Kalou, Nyandarua, nalisha saileji ya mifuko miaka sasa na hakuna ng'ombe ameanguka. Hiyo unaelezea ni homa ya maziwa. Ng'ombe amezaa juzi, kalsiamu imeshuka, analala, anageuza kichwa ubavuni, kila mtu wa maziwa anajua hiyo dalili. Aitwe daktari aweke dripu ya kalsiamu polepole kwa mshipa, ng'ombe anasimama ukiangalia.

#3 Nyasi_Ndefu
@KataMajani dripu walipewa, hakuna aliyesimama. Halafu wawili kati ya hao ni mitamba haijawahi kuzaa, kalsiamu ya maziwa gani imeshuka hapo?

#4 KataMajani
Hiyo ya mitamba ungesema mapema bana. Lakini bado saileji hujaithibitisha.

#5 BintiSungura
Pole kwa jirani. Swali la mtu wa mjini, botulizimu si ndo inahusiana na ile botoksi watu wanachoma usoni kuondoa makunyanzi?

#6 DktShamba
@BintiSungura ndiyo, hujakosea. Ni sumu ya bakteria anaitwa Clostridium botulinum, kwenye botoksi inatumika aina A kwa kiasi kidogo mno, inakata mawasiliano ya mshipa wa fahamu na msuli, msuli unatulia, kunyanzi linapotea. Sasa chukua kitendo hicho hicho kipeleke kwenye misuli ya kumeza, ya miguu, mwisho ya kupumulia. Ndiyo maana ng'ombe wa Nyasi_Ndefu ana akili timamu na hana homa, ubongo haujaguswa, ni misuli haipokei amri.
Ng'ombe wanapigwa zaidi na aina C na D. Binadamu sana sana A, B na E.
Mbegu za huyu bakteria ziko kwenye udongo kila mahali na zenyewe hazikufanyi kitu. Zinangoja mahali pasipo na hewa, penye unyevu, penye joto, na pasipo na uchachu wa kutosha. Hapo zinachipua na kutengeneza sumu. Mzoga unatimiza yote hayo. Mfuko wa saileji iliyoshindwa kuchacha nao unaweza.
Kabla ya yote lakini, Nyasi_Ndefu nimesoma mahali umeandika "ulimi ukiuvuta". Nani alivuta? Ng'ombe anayedondosha mate na kushindwa kumeza anaweza kuwa na KICHAA CHA MBWA. Dalili zinafanana sana mwanzoni. Aliyeingiza mkono mdomoni bila glavu anawe kwa maji mengi na sabuni kisha aende hospitali leo, asisubiri majibu ya ng'ombe.

#7 Nyasi_Ndefu
Asante daktari. Ni kijana wa kazi pamoja na mwenye boma. Nawapigia sasa hivi.

#8 Simanjiro_Yangu
Nyie wa mashine mnatafuta mbali. Sisi huu ugonjwa tunaujua bila saileji wala mfuko. Mwaka ule wa ukame, 2021 kwenda 2022, mizoga ilitapakaa Simanjiro nzima, mvua ikaja majani yakatoka ng'ombe waliobaki wakaanza kunenepa, ndo hapo wakaanza kuanguka. Kwa nini? Walikuwa wanakula mifupa. Unamkuta ng'ombe kasimama na mfupa wa paja mdomoni anautafuna kutwa, ukimnyang'anya anatafuta mwingine. Mfupa una nyama iliyooza, anaitafuna na sumu yake. Wazee wanachoma mizoga na kuhamisha boma, hawakwenda chuo lakini walikuwa wanajua. Muulize huyo jirani kama ng'ombe wake wanatafuna vitu vya ajabu, viatu, turubai, mawe.

#9 DktShamba
@Simanjiro_Yangu umegusa penyewe. Ng'ombe anayetafuta mfupa ana njaa ya fosforasi. Hii habari ilifumbuliwa Afrika Kusini, ng'ombe walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wakiuita lamsiekte, Arnold Theiler wa Onderstepoort, kituo cha utafiti wa magonjwa ya mifugo, na wenzake wakaja kuonyesha, kuelekea 1920 na miaka iliyofuata, kwamba mnyororo ni huu: udongo hauna fosforasi, majani hayana, ng'ombe anaenda kwenye mifupa, kwenye mfupa kuna sumu. Walipowapa unga wa mifupa uliosafishwa tamaa ya mifupa ikaisha na vifo vikapungua.
Kwa hiyo kwa wafugaji wa nyanda kavu kinga ya kwanza ni madini. Na naomba muelewe, jiwe la chumvi la kawaida HALINA fosforasi. Magadi hayana fosforasi. Soma lebo utafute DCP (dikalsiamu fosfeti) au fosforasi imeandikwa kwa asilimia. DCP yenyewe ina kama asilimia 18.

#10 Simanjiro_Yangu
Hapo kwenye magadi wengi wetu tunapigwa. Mtu anawawekea magadi roho inatulia, kumbe mfupa uko pale pale.

#11 MzeeWaMatete
Nimesoma kimya sasa naongea. Nimefundisha watu saileji Rungwe na Njombe kwa muda mrefu na sikubali aliposimama Nyasi_Ndefu wala aliposimama KataMajani. Saileji haiui, na pia siyo kila kitu kilichofungwa kwenye nailoni ni saileji. Kinachoilinda saileji ni uchachu. Bakteria wazuri wanakula sukari ya majani wanatoa asidi, pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu umezidi) inashuka mpaka 4 na kitu, chini ya 4.5 huyu Clostridium hafurukuti. Mahindi yana sukari nyingi yanachacha yenyewe. Matete yana sukari kidogo, lusini (alfalfa) ndo ngumu kabisa kwa sababu protini inazuia pH kushuka. Sasa mtu anakata matete baada ya mvua, yamejaa maji, hajayanyausha, hajaweka molasi, anakata vipande virefu kama mkono, anashindilia kwa kukanyaga mara mbili tatu, anafunga. Huyo ametoa hewa kidogo, hajatengeneza asidi. Hapo amekosa usalama wa majani mabichi na amekosa usalama wa saileji.
Kamua kiganjani majani yaliyokatwakatwa. Maji yakichuruzika hayajafikia. Bonge likibaki limeshikana polepole likiachia, na kiganja kina unyevu tu, funga. Vipande viwe sentimita 1 mpaka 3. Na udongo usiingie, mtu anarundika majani chini kwenye vumbi halafu anayazoa na koleo, anaingiza mbegu za ugonjwa kwa mkono wake.

#12 Nyasi_Ndefu
Shikamoo mzee. Ni matete, na yalikatwa wiki ya mvua. Molasi walisema ilikuwa imeisha dukani wakaweka chumvi.

#13 MzeeWaMatete
Marahaba. Chumvi siyo sukari. Ungeniambia wameweka pumba ya mahindi ningeelewa kidogo. Fungueni mfuko uliobaki, mtu avae glavu, anuse. Saileji nzuri inanukia uchachu mtamu na rangi ni ya zeituni. Ikinuka siagi iliyooza au mkojo na inateleza, choma au fukia mbali na mifugo.

#14 DktShamba
Naongezea kwa mzee kwa heshima: harufu mbaya inatosha kukufanya utupe, lakini harufu nzuri siyo cheti. Sumu hii haina harufu wala rangi. Nunueni karatasi za kupima pH kwenye maduka ya vifaa vya maabara, zile zinazosoma 3 mpaka 6 hivi. Chukua saileji toka katikati na toka pembeni, loweka kwenye maji safi kidogo, chovya. Ni teknolojia ndogo kuliko simu uliyoshika na inakuambia mengi kuliko pua.

#15 KukuNaMayai
Mimi naomba kuuliza kitu kimoja ambacho hakuna aliyekigusa. Huyo jirani hafugi kuku? Hapa Mbeya nawajua watu wanaochanganya mavi ya kuku na randa za bandani kwenye chakula cha ng'ombe, wanasema protini ya bure. Kwenye randa kuna vifaranga waliokufa wamefukiwa na nyayo za watu, wamekauka hawaonekani.

#16 Nyasi_Ndefu
Anafuga layers, kuku wa mayai. Mavi anaweka shambani kwenye hayo hayo matete.

#17 KukuNaMayai
Basi mimi saileji naiacha kabisa. Mtuhumiwa wangu ni kuku.

#18 KataMajani
Nilisema mimi! Saileji imeonewa tu.

#19 DktShamba
@KataMajani usisherehekee bado, mbolea ya kuku yenye mizoga ikikatwa pamoja na matete ikaingia kwenye mfuko usiochacha, unakuwa umeunganisha njia mbili kwa moja. Uingereza milipuko mingi ya ng'ombe miaka ya karibuni wameihusisha na mavi ya kuku wa nyama, ama yamelishwa ama yamemwagwa malishoni, mbwa na ndege wakaburuta mizoga. Brazili wamekataza kulisha ng'ombe randa za kuku. Huku kwetu naona watu wanauziana kwa gunia.
Na kuna njia ya tatu. Mashine. Mnaoajiri trekta ya kukata na kufunga robota (mafurushi) za hei, yaani majani makavu, mashine haiulizi, inakata panya, nyoka, paka, kifaranga cha kware, inafunga ndani. Mzoga mmoja mdogo unatosha kutia sumu robota, na anayekula ile sehemu ndiye anayekufa, wenzake wanapona, ndiyo maana watu wanasema karogwa mmoja. Shamba likaguliwe kabla trekta haijaingia, anzeni kukata katikati kuelekea nje ili wanyama wakimbie, na mtu anayelisha asifungue robota gizani. Akiona manyoya au mfupa, robota lote linaondoka.

#20 BintiSungura
Hiyo ya kuanzia katikati sijawahi kuisikia, wote naona wanazunguka toka pembeni kuingia ndani. Yaani viumbe vyote wanavikusanya katikati halafu wanavikata.

#21 NipoHannover
Habari toka Ujerumani. Huku kuna mjadala ulichukua miaka. Wafugaji walidai ng'ombe wao wanakonda, maziwa yanashuka, wanalegea taratibu, wakasema ni botulizimu sugu inayotokana na masalia ya mitambo ya biogesi yanayomwagwa malishoni, kwa sababu mtambo wa biogesi hauna hewa. Chuo cha mifugo hapa Hannover kikafanya utafiti mkubwa kwenye mashamba mengi, 2014 wakasema hawakupata uhusiano huo. Wafugaji wengine hawakuridhika mpaka leo. Nimeleta kwa sababu biogesi huko nyumbani imeenea na ipo siku mtu atauliza.

#22 KataMajani
Hapo sasa mnataka kutuchukulia na biogesi? Mimi napikia hiyo, slari (masalia ya mtambo) naweka kwa napia, hayo matete yenu.

#23 MzeeWaMatete
Hajakuambia uache kijana, kasema hawakupata uhusiano. Ila mzoga wa kuku au kondo la nyuma usitupe kwenye mtambo. Nimeona watu wanafanya hivyo.

#24 Muuguzi_Kanda
Jamani mmeongea ng'ombe mpaka mmesahau watu. Hao wanne waliokufa NYAMA imeenda wapi?

#25 Nyasi_Ndefu
Wawili walifukiwa. Mmoja alichinjwa alipokuwa amelala, nyama iliuzwa. Wa nne sijui vizuri.

#26 Muuguzi_Kanda
Nilijua. Waambieni watu wa hapo dalili za binadamu: kinywa kukauka, kope kushuka, kuona vitu viwili viwili, sauti kubadilika, kushindwa kumeza, kisha ulegevu unashuka toka usoni kwenda mikononi na miguuni. Homa hakuna na mtu anajitambua. Mara nyingi inaanza ndani ya saa 12 mpaka 36 lakini inaweza kuchelewa siku kadhaa. Ukiona kope na kumeza, mpeleke hospitali kubwa yenye mashine ya kupumulia, usimpe uji wala maziwa njiani, atavuta mapafuni.

#27 DktShamba
Sawa kabisa dada, na hilo la mwisho ni hivyo hivyo kwa ng'ombe. Watu wanamnywesha kwa chupa dawa za kienyeji, soda, mafuta. Hamezi! Inaenda mapafuni anakufa na nimonia kabla ya sumu. Kuhusu nyama, aina C na D kwa binadamu ni nadra mno lakini mnyama aliyelala bila kujulikana anaumwa nini haliwi, kwani anaweza kuwa na kimeta, anaweza kuwa na kichaa.

#28 MamaAchari
Hamjambo, niko Tanga nasindika vyakula na kina mama. Naomba niwasogeze kidogo maana hiki mlichoeleza cha hewa na uchachu ndo kazi yangu ya kila siku. Achari ya ndimu na embe haina tatizo, ina siki na chumvi, pH iko chini ya 4.6. Kinachonitisha ni pilipili na vitunguu saumu vinavyosagwa vibichi vikajazwa mafuta kwenye chupa. Mafuta yanafukuza hewa, hakuna asidi, chupa inakaa kaunta miezi. Tena siku hizi vijana wananunua mashine za kufyonza hewa wanafungia maharage yaliyochemshwa, samaki wa moshi, wanaandika "hakina kemikali".

#29 Kampala_Mjomba
@MamaAchari umesema kweli. Hapa Uganda 2008 kuna wanafunzi wa shule ya bweni waliugua hii hii, aina A, na kilichotuhumiwa ni kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani. Na Kenya kuna kisa cha kumbikumbi waliofungwa kwenye mfuko wa plastiki wakasafirishwa, walioletewa wakala wakaugua, kilichapishwa 1980 kwenye jarida la madaktari la Uingereza. Kumbikumbi waliokaangwa na kuanikwa tunakula siku zote, shida ilikuwa ule mfuko.

#30 BintiSungura
Kwa hiyo kumbikumbi na matete ni kesi moja, mfuko na unyevu.

#31 Muuguzi_Kanda
Misri 1991 waliokula fesikh, samaki wa kuchachusha na chumvi, 91 walilazwa na 18 wakafa. Na jamani ASALI. Msimlambishe mtoto asali kabla hajafikisha mwaka. Tumbo la mtoto mchanga linaruhusu mbegu kuchipua mle mle. Anaanza kukosa choo, kilio kinakuwa dhaifu, hanyonyi, shingo inalegea.

#32 Simanjiro_Yangu
Hapo dada utapata upinzani. Sisi wote tumelambishwa asali siku tuliyozaliwa na tupo.

#33 Muuguzi_Kanda
Mpo nyie mliopo kaka. Asiyekuwepo haandiki humu.

#34 Nyasi_Ndefu
@MamaAchari mke wangu anafungia maharage kwenye chupa za kioo anachemsha masaa mawili kwenye sufuria. Hiyo haitoshi?

#35 MamaAchari
Haitoshi, na kwenu Njombe ndo haitoshi zaidi. Mbegu hizi zinahimili maji yanayochemka, zinataka joto la nyuzi 121, hilo linapatikana kwa mtambo wa presha tu. Sasa nyie mko karibu mita 2000, maji yanachemka kwenye 93 hivi. Hata mwenye presha huko juu inabidi aongeze presha kuliko mimi wa pwani. Maharage hayana asidi. Aziache chupa, aanike.
Sumu yenyewe ndo nyepesi kuuawa, chakula kikipata nyuzi 85 mpaka katikati kwa dakika 5 inavunjika. Lakini mkebe uliovimba au chupa inayotoa povu usionje wala usichemshe, tupa mbali na mbwa na kuku.

#36 MzeeWaMatete
Hapo kwenye urefu toka usawa wa bahari nakupinga kidogo mama, mitambo mingi ya presha ina kipimo chake, ukifuata kipimo si inatosha?

#37 MamaAchari
Kipimo kinasoma tofauti iliyopo kati ya presha ya ndani na ya hewa ya nje baba. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo namba ile ile ya kipimo inakupa joto dogo. Lazima uongeze.

#38 Nyasi_Ndefu
Majibu ya haraka: mwenye boma na kijana wameanza sindano za kichaa. Ofisa mifugo kachukua maini, yaliyomo tumboni na kichwa, vimewekwa kwenye barafu kupelekwa maabara. Mfuko uliobaki tumepima, unasoma 5 na kitu. Lakini ndani ya mfuko hatukuona mzoga wala manyoya, na ng'ombe mmoja aliyekula humo humo bado anatembea.

#39 KataMajani
5 ni mbaya, hapo nakubali. Lakini 5 inasema saileji ni mbovu, haisemi sumu iko. Unaweza kuwa na saileji mbovu na ng'ombe wa kichaa siku moja.

#40 KukuNaMayai
Na kuku je? Mmekagua shimo la mizoga ya kuku? Mimi sitoki hapo.

#41 Simanjiro_Yangu
Daktari hii chanjo niliyosikia ipo Afrika Kusini, ya C na D, inapatikana? Maana ya kimeta na chambavu tunachoma kila mwaka na bado wanaanguka.

#42 DktShamba
Ya kimeta na chambavu haikingi hii, hiyo watu wengi wanachanganya. Ya botulizimu ni yake peke yake, mnyama anachomwa, anarudiwa baada ya wiki kadhaa, halafu kila mwaka. Kwa malisho yenye mizoga mingi kama kwenu ina maana kuliko kwa mtu wa ng'ombe wawili wa bandani, huyo arekebishe chakula. Kuagiza inabidi ipitie kwa mamlaka na daktari wa wilaya, na iwe kundi kubwa, vichupa haviji kimoja kimoja.

#43 Simanjiro_Yangu
Kundi lipo, vijiji vinne hapa tukikubaliana ng'ombe ni wengi. Shida yangu ni friji, toka Orkesumet mpaka bomani njia unaijua. Mwenye kujua friji za sola za chanjo bei zake aniandikie.

#44 NipoHannover
Nimekutumia ujumbe.